Mhimili Unaopenda Kusafiri

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Historia ya ufundi katika pwani ya Tanga.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari lake na penseli yake. Na wewe unayelisoma somo hili baada ya kulisikiliza, soma polepole. Ukikuta neno gumu usiliruke. Lirudie mpaka likubali.

Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Tutasoma historia ya nafasi ndogo sana, ndogo kama unene wa karatasi hii uliyoishika mkononi. Nafasi hiyo imo ndani ya injini ya motokaa. Ikizidi, injini huharibika. Ikikosekana kabisa, injini huharibika pia. Watu wengi wamepoteza fedha zao kwa sababu ya nafasi hiyo, na hawakujua kuwa ipo.

Tuanze na baiskeli

Mji wa Tanga unajulikana kwa baiskeli, basi tuanze na baiskeli. Igeuze yako juu chini, ushike gurudumu la mbele, ulitikise kulia na kushoto. Gurudumu lililofungwa vizuri halitikisiki, na bado ukilizungusha linakwenda lenyewe kwa muda mrefu.

Mwulize fundi wa baiskeli kazi ya zile koni mbili zilizo pande mbili za ekseli. Atakwambia kwamba ukizikaza mno gurudumu hugoma, na gololi zake huumia. Ukizilegeza mno gurudumu huyumba, na siku moja litakuangusha njiani. Kati ya kukaza mno na kulegeza mno pana mahali pamoja palipo sawa. Kupatafuta mahali hapo ndiyo kazi ya fundi.

Shika neno hilo, maana tutalirudia: si kukaza mno, wala si kulegeza mno.

Mhimili wenye nundu

Ndani ya injini ya motokaa mna mihimili miwili mikubwa inayozunguka. Wa kwanza huitwa krankshafti. Huo hupokea nguvu ya pistoni zinazopanda na kushuka, ukaigeuza iwe nguvu ya kuzungusha magurudumu.

Mhimili wa pili huitwa kemshafti, na ndio tunaousoma leo. Kemshafti ina nundu nyingi, kila moja mfano wa nundu ya ng'ombe. Nundu ikipita, huinua kipande kiitwacho tapeti. Tapeti husukuma, na valvu hufunguka. Nundu ikiisha kupita, springi huifunga valvu. Valvu moja huingiza hewa na petroli, na nyingine hutoa moshi. Krankshafti ikizunguka mara 2, kemshafti huzunguka mara 1. Hivyo kemshafti ni kama mpiga ngoma wa injini. Yeye akikosea, wachezaji wote hukosea.

Wazo la kuweka nundu juu ya mhimili ni la kale sana. Mwaka 1206 mtaalamu mmoja jina lake al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa mji ambao leo umo katika nchi ya Uturuki, alimaliza kuandika kitabu cha Kiarabu juu ya mitambo. Humo alieleza mihimili yenye nundu zinazoinua vitu na kuviachia kwa zamu. Huko Ulaya nako watu walitumia nguvu ya maji ya mto kuzungusha mihimili ya namna hiyo, kusudi iinue nyundo nzito za kufulia chuma. Kisha mwaka 1876 Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini ya mipigo minne, na mpango wake ndio unaofuatwa na injini nyingi za petroli mpaka leo.

Mwaka 1893 katika Tanga

Sasa turudi nyumbani. Andika katika daftari lako mwaka 1893. Mwaka huo yalitokea mambo matatu ambayo baadaye yalikutana katika pwani yetu.

Jambo la kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Reli hiyo ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Jambo la pili, Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mkonge ulienea Tanga yote, hata ukafunika mabonde na vilima.

Jambo la tatu lilitokea mbali, huko Ujerumani. Rudolf Diesel alipewa hati ya serikali kwa wazo lake la injini mpya. Leo hatulikumbuki tena jina lake kama jina la mtu. Tunasema dizeli tu.

Mambo hayo yalikutanaje? Jani la mkonge ni zito, lakini katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 au 5 tu za katani. Tena jani likikatwa halingoji. Lazima lisagwe upesi. Kwa hiyo mashamba yalihitaji mashine kubwa, ile ambayo watu wa Tanga huiita korona. Korona ilihitaji nguvu: kwanza ya mvuke, baadaye ya injini za dizeli na ya umeme. Majani yalihitaji kuchukuliwa kutoka shambani kwa reli ndogo na kwa malori, na katani ilihitaji kufikishwa bandarini. Palipo na mitambo mingi hapana budi pawe na mafundi wengi.

Watu walitoka mbali kuja kufanya kazi katika mashamba hayo. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Wengi walikata mkonge. Baadhi yao, pamoja na wenyeji wa pwani, waliingia karakana wakajifunza kazi ya chuma: kufua, kukereza, kufunga na kufungua. Wengi hawakupata kukanyaga darasa. Walijifunza kwa sikio na kwa mkono. Fundi wa namna hiyo aliweza kuweka kidole juu ya injini akajua ugonjwa wake, kama mganga ashikavyo mkono wa mgonjwa. Ujuzi huo ni wa heshima. Lakini yako mambo ambayo kidole hakiyaoni, na nafasi yetu ndogo ni mojawapo.

Kwa nini mhimili husafiri?

Mhimili unaozunguka mahali pamoja una tabia ya kutaka kusafiri. Haukai, hutaka kwenda mbele au kurudi nyuma.

Nenda bandarini Tanga uitazame meli. Chini ya maji kuna rafadha. Rafadha huyasukuma maji nyuma, na kwa nguvu ile ile mhimili wake husukumwa mbele. Pasipo kitu cha kuuzuia, mhimili ungeingia ndani ya meli na kuivunja mashine yake. Kwa hiyo ndani ya kila meli mna beringi maalumu inayoupokea msukumo huo na kuukabidhi kwa mwili wa meli. Zamani beringi hizo zilipata moto na kulika upesi. Mwaka 1905 Anthony Michell wa Australia aligundua namna ya kuzigawa katika vipande vinavyoinama kidogo, kusudi mafuta yaingie kati ya chuma na chuma. Msukumo ukabebwa na utando mwembamba wa mafuta.

Kemshafti nayo husukumwa, ingawa si kwa nguvu kubwa kama ya meli. Sababu zake ni tatu.

Kwanza, katika injini nyingi kemshafti huzungushwa na gia zenye meno yaliyokatwa mshazari. Meno ya mshazari hayapigi kelele, lakini husukuma kando. Kumbuka parafujo: ukiizungusha, huenda mbele kwa sababu njia yake ni ya mshazari.

Pili, kemshafti yenyewe huzungusha vitu vingine, kama pampu ya oili na distributa, ile inayogawa moto wa plagi. Gia za kazi hiyo nazo zina meno ya mshazari.

Tatu, katika injini nyingi nundu hazikukatwa sawasawa kabisa. Zina mteremko mdogo sana kusudi tapeti izunguke inapoinuliwa, isilike mahali pamoja. Mteremko huo nao huisukuma kemshafti.

Kemshafti ikisafiri kupita kiasi, hutokea nini? Gia ya distributa huipanda na kuishuka ile ya kemshafti kama nati juu ya bolti, na moto wa plagi hutoka mapema au huchelewa. Meno ya gia na cheni hulika upande mmoja. Nundu hukosa kukaa vizuri chini ya tapeti yake. Injini hugonga, hula petroli zaidi, na mwisho hufa.

Namna walivyoizuia

Watengenezaji wa motokaa walitafuta njia mbalimbali. Katika Ford Model A, iliyoanza kuuzwa mwezi wa Desemba 1927, waliweka springi na kijiti cha chuma katika kifuniko cha mbele. Springi hiyo huisukuma kemshafti nyuma siku zote, kama mtu anayeegemea mlango usifunguke.

Katika injini ya Chevrolet ya silinda nane iliyotoka mwaka 1955 hawakuweka kizuizi cha mbele. Waliuachia mteremko wa nundu uivute kemshafti nyuma mpaka iguse uso wa bloki. Baadaye, tapeti zenye magurudumu zilipoanza kutumika, mteremko ule uliondolewa, na ikabidi kuweka kizuizi.

Katika Land Rover ya mwaka 1958, ile yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo, tapeti zilikuwa za magurudumu tangu mwanzo. Hapo walitumia njia iliyo rahisi kueleweka. Nyuma ya gia ya cheni kuna kibamba chembamba kilichofungwa kwa bolti juu ya bloki. Kibamba hicho huishika kemshafti isiende mbele wala nyuma zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Kiasi hicho ni kuanzia 0.06 mpaka 0.13 za milimita. Mafundi hukiita mchezo wa kemshafti.

Mbona wasiuondoe mchezo kabisa? Kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka, na oili inahitaji mahali pa kupita. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, ndugu zangu, ufa ukizibwa wote ndipo hasara huanza. Ufa huu haufai kuzibwa, unafaa kupimwa.

Miaka ya uhaba

Land Rover zilipendwa sana katika nchi yetu, kwa kuwa barabara nyingi zilikuwa za matope na mawe. Kisha ikaja miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979. Bei ya mafuta ilipanda duniani, bei ya katani ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za nailoni na plastiki, na fedha za kigeni zikawa adimu. Vipuri havikupatikana. Gari lililokufa lilifufuliwa kwa vipande vya gari jingine, au kwa kipuri kilichokerezwa hapa hapa.

Miaka hiyo mimi nilikuwa kijana, nikimsaidia fundi mmoja mjini Tanga. Mzee mmoja alituletea Land Rover yake iliyokuwa ikichukua abiria kati ya Muheza na Amani, katika ile njia ya milima. Injini ilikuwa imechoka. Fundi aliifungua yote. Aliweka pistoni ringi mpya na beringi alizozitafuta kwa shida, akasaga valvu, akafunga. Kibamba cha kemshafti alikirudisha kile kile cha zamani. Hakukipima. Mzee alilipa fedha aliyokuwa ameiweka kwa muda mrefu, akaondoka akifurahi.

Hazikupita wiki tatu akarudi. Injini iligonga polepole kama mtu anayebisha hodi, na moto wa plagi haukutulia. Tuliirekebisha distributa mara tatu. Kila mara gari liliondoka zima, na kila mara lilirudi gonjwa. Mara ya nne mzee alishuka akasimama mbele ya fundi. Akasema, "Fundi, mara ya kwanza nilikulipa kwa kufunga injini. Mara hii nikulipe kwa nini?"

Fundi hakujibu. Aliondoa kifuniko cha mbele, akaegemeza bisibisi kwenye gia ya kemshafti, akaisukuma nyuma na kuivuta mbele. Tukasikia: tk, tk.

Akaenda kwenye sanduku lake akatoa fila geji, yaani fungu la vibamba vyembamba vya kupimia, kila kibamba kimeandikwa unene wake. Ilikuwa bado na mafuta ya dukani, haikupata kutumika. Alinipa mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Kijana wangu, nisomee."

Hapo ndipo nilipofahamu. Fundi yule alifanya kazi ya chuma zaidi ya miaka thelathini. Mikono yake ilijua mambo ambayo mimi sitayajua. Lakini zile tarakimu ndogo kwake zilikuwa kama nyayo za sisimizi. Alikuwa akifunga injini bila kupima, si kwa uvivu, bali kwa aibu ya kuomba asomewe.

Nikasoma. Kibamba cha 0.50 kiliingia. Kiasi cha mwisho ni 0.13. Mchezo ulikuwa umezidi karibu mara nne!

Fundi wa kerezo akatukerezea kibamba kipya, kinene kuliko kile cha zamani. Tulipokifunga, kemshafti haikuwa na mchezo hata kidogo, iligoma kuzunguka. Basi fundi akaweka msasa laini juu ya kipande cha kioo, kwa kuwa kioo ni sawa pande zote, akakisugua kibamba kwa kukizungusha. Akasugua, akafunga, nikapima, nikasoma. Akafungua, akasugua tena. Tulifanya hivyo tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Mwisho kibamba cha 0.10 kiliingia, na cha 0.15 kikakataa. Tukakisafisha kibamba chetu na petroli, kusudi isibaki hata chembe ya msasa, tukakipaka oili, tukafunga.

Mzee alipokuja alitia mkono mfukoni. Fundi akamzuia. "Hapana, mzee. Mara hii hulipi. Mara ya kwanza nilifunga kwa sikio. Leo ndiyo nimefunga kwa kipimo."

Gari lile halikurudi tena kwa ugonjwa huo. Juma lililofuata nilimwona fundi ameweka penseli nyuma ya sikio. Nilidhani ni ya kuchorea chuma. Jioni, tulipokwisha kufunga karakana, aliniambia nitangulie nyumbani. Yeye alikuwa anakwenda darasani.

Namna ya kupima

Andika hatua hizi nne.

1. Hakikisha kibamba na gia vimekazwa kabisa. Kipimo cha kitu kilicholegea ni uongo.

2. Ivute kemshafti mbele mpaka ikome.

3. Ingiza fila geji kati ya kibamba na gia. Anza na nyembamba, endelea mpaka ile inayoingia kwa kukwaruza kidogo. Hiyo ndiyo jibu lako.

4. Soma tarakimu, uiandike, uilinganishe na kitabu cha injini hiyo. Kila injini ina kiasi chake. Usitumie kiasi cha Land Rover katika injini ya gari jingine.

Leo magari mengi katika barabara za Tanga yanatoka Japani, na kemshafti zao hukaa juu, ndani ya silinda hedi. Namna ya kuzizuia imebadilika. Lakini mhimili bado unapenda kusafiri, na bado ni lazima pawepo kitu cha kuuambia: hapa basi.

Nawe unayepeleka gari lako gereji, huhitaji kuwa fundi. Injini ikifunguliwa yote na kufungwa upya, uliza swali moja kwa adabu: "Fundi, mchezo wa kemshafti umepata ngapi?" Fundi mzuri hatakasirika. Atakutajia namba.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Hesabu karatasi 10 za daftari, uzibane pamoja, upime unene wake kwa rula. Gawa kwa 10. Je, unene wa karatasi moja unakaribia mchezo wa kemshafti ya Land Rover?

2. Taja mambo matatu yaliyotokea mwaka 1893.

3. Kwa nini mchezo wa kemshafti hauondolewi wote?

4. Katika kazi yako, ikiwa ni shambani, baharini, sokoni au jikoni, ni kipimo gani unachokikisia ambacho ungeweza kukisoma?

Lijibuni swali la nne kwa zamu, kila mmoja. Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.